Namna ya kusoma hadithi za fumbo na mizuka barazani katika jioni za vuli, Tanga

Vuli ikishaingia Tanga, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua hunyesha kwa vipindi. Asubuhi jua huchoma, alasiri mawingu hujikusanya juu ya bahari upande wa Raskazoni, na ikifika magharibi barabara zenye namba za Ngamiani zimejaa madimbwi na hakuna mwenye haraka ya kutoka. Huo ndio msimu ambao mimi na majirani zangu husomeana hadithi za fumbo zenye mizuka ndani yake, zile ambazo mtu hukutwa amekufa usiku wa sikukuu, nyumba nzima ikanong'ona kwamba ni kazi ya pepo, na mpelelezi mmoja mkaidi akakataa kuamini mpaka aone kwa macho yake. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuanzisha usomaji wa namna hiyo barazani kwake.

Kabla ya hatua yoyote, ni vyema kufahamu kitu kimoja ambacho mengine yote yanakitegemea. Hadithi hizi huwa na majibu mawili yanayokwenda sambamba, jibu la jini na jibu la mtu, na utamu wake uko katika ule muda ambao msikilizaji hajaamua ashike lipi. Msomaji anayeonyesha mapema kwamba jini halipo ameiua hadithi, na anayewatisha watu hadi wakasahau kufikiri naye ameiua vilevile.

Hatua ya kwanza: zifahamu sikukuu za watu

Nyingi ya hadithi hizi zimeandikwa Uingereza na Marekani, na hufuata kalenda ya huko. Kamusi zetu huita majira yao ya kupukutika majani kwa jina lilelile la vuli, na kwa bahati njema miezi inakaribiana, ila vuli yao si ya mvua tu bali ni ya giza. Huku kwetu tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki dakika arobaini, wakati London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Msikilizaji akilielewa hilo hataona ajabu kwamba watu wa hadithini wamewasha taa wakati wa chai ya alasiri na wameanza kuogopa kabla ya chakula cha usiku. Ama majani yanayogeuka mekundu na kuanguka, hayahitaji picha: mwonyeshe mtoto mkungu wowote ulio karibu na pwani, ambao majani yake hufanya hivyohivyo kabla ya kudondoka.

Halloween huangukia tarehe 31 Oktoba, nayo ni mkesha wa siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, ambayo hufuatwa na siku ya kuwaombea marehemu wote tarehe 2. Wakatoliki wa hapa wanazijua vizuri siku hizo mbili, kwa hiyo mwachie mmoja wao aeleze. Desturi ya kuchonga taa yenye uso wa kutisha ilianzia Ireland na Scotland, ambako walichonga mizizi ya tanipu, na wahamiaji walipofika Marekani wakaona boga ni kubwa zaidi na ni laini kuchonga. Jiandae kuulizwa kwa nini boga zima liharibiwe kwa kutiwa mshumaa badala ya kupikwa kwa nazi; mimi sijapata jibu la kumridhisha mwanamke yeyote wa Tanga kuhusu jambo hilo.

Krismasi nayo ina mizuka yake, jambo linalowashangaza wengi. Waingereza wana desturi ya miaka mingi ya kusimuliana habari za mizuka kando ya moto katika mkesha wa Krismasi; hadithi mashuhuri ya Charles Dickens kuhusu tajiri bahili anayetembelewa na mizuka usiku huo ilitoka Desemba 1843, na M. R. James, aliyekuwa mwanachuoni wa Cambridge, aliandika hadithi zake ili awasomee marafiki kwa sauti wakati wa Krismasi. Kwa hiyo ukisoma barazani huigizi mambo ya kigeni. Hadithi hizo zilitungwa zisikilizwe, na sisi tuliokulia kwenye "hadithi hadithi, hadithi njoo" hatuna haja ya kufundishwa kusikiliza.

Waandishi wa mafumbo wanazipenda sikukuu kwa sababu ya kikazi. Sikukuu huwakusanya ndugu ambao mwaka mzima hawakuonana, pamoja na urithi wao ambao haujagawanywa, na huingiza mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza katoka wapi. Kisha theluji inafunga njia, na wote waliomo ndani wanakuwa washukiwa. Anayeijua nyumba ya ukoo siku ya Idi, ambapo ami ametoka Pangani, shangazi ametoka Mombasa na kila mmoja ana lake moyoni kuhusu shamba la minazi, ameshaielewa nusu ya hadithi.

Hatua ya pili: kichague kitabu na ukikague

Kwa mwaka wa kwanza nashauri kitabu cha Kiswahili, kisichozidi kurasa mia mbili. Kwa shabaha yetu hii sijapata kinachofaa kuliko *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla wa Unguja, kilichochapishwa mwaka 1960, kwa kuwa maiti inakutwa penye mzimu na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake analazimika kuuliza maswali mahali ambapo watu wangependa asiulize. Kitabu cha Kiingereza kinaweza kusubiri mwaka wa pili, kwani kutafsiri papo hapo huku ukisoma kunachosha ulimi na kunaua mashaka.

Kukikagua ni jambo ambalo nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilinunua kitabu cha mitumba kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, nikakisoma kwa usiku nne bila tatizo, na usiku wa tano, mbele ya watu kumi na mmoja, nikafika ukurasa wa 208, nikageuza, nikakuta jalada. Vitabu hufungwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita au thelathini na mbili, na gundi ikishakauka fungu zima huchomoka kwa pamoja. Lililochomoka kwangu ndilo lililokuwa na muuaji. Mzee mmoja alinitazama kwa muda kisha akasema, "Basi muuaji ni wewe, mwalimu."

Tangu siku hiyo hufanya hivi. Huchukua kipande cha kadi nikaziba sehemu yote ya juu ya ukurasa, nikaacha namba ya chini peke yake, halafu hugeuza kutoka nyuma kuja mbele nikihesabu, na kwa njia hiyo najua kama kurasa zimetimia bila kulisoma neno hata moja la mwisho. Kazi hiyo ikiisha, mpe mtu asiyehudhuria barazani akipekue kitabu pembezoni mwa kurasa. Wapo wasomaji waliotangulia ambao huandika kwa penseli, ukurasa wa kumi tu, "ni huyu", wakapiga na mshale.

Hatua ya tatu: gawa kurasa kwa usiku

Kusoma kwa sauti kunachukua muda mrefu kuliko kusoma kimoyomoyo. Mimi kwa saa moja, pamoja na maswali na kikohozi, humaliza kurasa kumi na tano hadi kumi na nane za kitabu cha kawaida, na sijaona baraza linalostahimili zaidi ya saa mbili. Pima mwendo wako mwenyewe kwa kurasa tano, kisha piga hesabu. Usiku tano au sita zinatosha. Zikizidi hapo, watu huanza kusahau nani alikuwa wapi, na aliyekosa usiku mmoja kwa ajili ya msiba au harusi hawezi tena kurudi.

Tunaanza baada ya sala ya isha, kiasi cha saa mbili kasoro robo, na hatupitishi saa nne.

Hatua ya nne: waandae watu wa hadithini

Isome sura ya kwanza na ya pili peke yako mapema, andika majina yote, kisha uyapange kwa nyumba na kwa undugu. Wasikilizaji wa Kiswahili hawamshiki mtu kwa jina kwanza. Humshika kwa nasaba. Ukisema "Bwana Harold" watampoteza baada ya dakika tano, lakini ukisema "yule mpwa wa marehemu, mtoto wa dada aliyefukuzwa" hawatamsahau mpaka mwisho. Tuna ubao mdogo wa mbao tunaouegemeza ukutani, na kijana mmoja huchora kwa chaki ukoo mzima pamoja na ramani ya nyumba.

Yako mambo mengine yanayohitaji neno moja la maelezo, na yapo yanayohitaji kufananishwa. Nyayo kwenye theluji ni mfano mzuri. Katika hadithi nyingi za Krismasi mpelelezi anazitegemea, na theluji ikianguka upya zinafutika. Ukieleza theluji kwa dakika kumi utawachosha. Ukisema ni sawa na nyayo za mvuvi kwenye mchanga wakati wa maji kupwa, kwamba zinasomeka mpaka maji yajae na baada ya hapo hazipo, kila mtu anaelewa kwa nini mpelelezi ana haraka.

Hatua ya tano: baraza na taa

Tandika mkeka au jamvi, na msomaji akae juu kidogo kuliko wengine. Taa bora ni kandili iliyotundikwa nyuma ya bega lake, ambayo inamulika ukurasa na kuacha nyuso za watu katika nusu giza. Tochi ya simu haifai, kwa sababu humulika kidevu cha msomaji na kumfanya kichekesho. Mshumaa usiwekwe karibu na mkeka wala chandarua. Vuli ni msimu wa mbu, kwa hiyo choma dawa ya mbu mapema na waambie watu waje na khanga au shuka za kujifunika miguu.

Kahawa chungu na kashata zinatosha. Vyakula vya mchuzi viachwe, maana mtu anayelamba vidole hasikii kidokezo. Kama baraza lako limeezekwa kwa makuti una bahati, kwani mvua itakuwa sauti ya nyuma tu. Sisi wenye mabati hatuna ujanja: mvua ikipiga, hata mpaza sauti wa mnadani hasikiki. Nilikuwa nikipambana nayo kwa kupiga kelele. Siku hizi nafunga kitabu pale pale nilipofika, hata katikati ya sentensi, nikaweka kidole na kunyamaza. Hakuna mwandishi aliyewahi kuweka kituo kizuri kama hicho.

Hatua ya sita: daftari la safu mbili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua daftari, piga mstari katikati, andika upande mmoja "la jini" na upande wa pili "la mtu". Kila jambo la ajabu linalotokea katika hadithi liandikwe pande zote mbili, na kila upande upate maelezo yake. Chukulia kwamba mlinzi wa nyumba anasema alisikia hatua za miguu darini saa saba usiku, na asubuhi sakafu ya dari imekutwa na unga uliomwagika usio na alama hata moja ya mguu. Upande wa jini ni mwepesi: aliyetembea hana miguu ya kuacha alama. Upande wa mtu unahitaji swali ambalo barazani huchukua muda kuulizwa, nalo ni hili: unga ulimwagika kabla ya hatua zile au baada yake? Na baada ya swali hilo linakuja jingine lililo baya zaidi, kwamba hatua zile tumezijua kwa mdomo wa mlinzi peke yake.

Kuwazoesha watu daftari hili, usiku wa kwanza sianzi na kitabu. Naanza na fumbo la Tanga yenyewe, ambalo nalo ni la msimu wa vuli. Mapema Novemba 1914 majeshi ya Uingereza, yaliyokuwa na askari wapatao elfu nane kutoka India, yaliteremka hapa kuuteka mji uliolindwa na askari kama elfu moja wa Mjerumani von Lettow-Vorbeck, yakashindwa na kurudi melini. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yalitoka yakawashambulia wapiganaji, na baadaye ikaenea habari kwamba Wajerumani waliwatega nyuki makusudi. Nawauliza watu waandike. Upande mmoja huja mambo makubwa: mizinga ya nyuki iliyofungwa nyaya, ujanja wa kijeshi, na mara zote yupo anayesema nyuki wale walitumwa na wenye mji wao wa zamani. Upande wa pili huja jambo dogo, kwamba milio ya bunduki iliwachokoza nyuki waliokuwa mitini, na kwamba hawakuuliza mtu ni wa upande gani. Wanahistoria wanakubaliana na hilo dogo. Lakini tazama jinsi lile kubwa lilivyo tamu, na kwa nini aliyeshindwa vita angependa liwe kweli.

Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini ya mji, hutupatia zoezi la pili usiku ukiruhusu. Kila mtoto wa hapa amesikia habari ya mbwa aliyeingia pangoni na Wazungu wawili, watu wakapotea, mbwa akaja kuonekana karibu na Kilimanjaro. Waliolipima pango refu kuliko yote walikuta halifiki kilomita moja. Hapo swali la daftari ni moja tu: nani alimtambua mbwa?

Hatua ya saba: sauti, vituo na hofu

Usiigize jini kwa sauti nzito ya tumboni. Hofu huja sauti inapopungua, na watu wakalazimika kusogea ili wasikie. Penye mizuka soma taratibu na bila kupamba. Penye mahojiano ya mpelelezi soma kwa kasi ya kawaida, na majibu ya mashahidi yasomwe bila kuonyesha kwa sauti yupi mwongo. Kosa hili la mwisho ni gumu kuliacha kwa msomaji aliyekwisha kukimaliza kitabu, ndiyo maana mimi hujizuia kuwatangulia wasikilizaji wangu kwa zaidi ya sura mbili.

Usiku usikatishwe penye ukelele. Ukelele humfanya mtu asilale, lakini haumfanyi afikiri. Simama pale ambapo mtu amesema jambo ambalo, kwa tuliyokwisha kuyasikia, haliwezi kuwa kweli. Watu wataondoka wakibishana mpaka kwenye kona ya barabara.

Watoto wadogo wasikie sura za mwanzo kisha wakalale, na anayekaa mbali asindikizwe kwa tochi. Bundi akilia juu ya mwembe, kama alivyotufanyia mara moja, acha watu wacheke kwanza ndipo uendelee. Lipo katazo moja ambalo kwangu halina mjadala: mtu wa mtaani, aliye hai au aliyekufa, asitajwe kamwe kuwa mfano wa mchawi au mzuka wa hadithini, hata kwa utani. Nchi hii imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi zilizoanza kama maneno ya barazani. Anayevunja katazo hilo kwangu huombwa arudi nyumbani usiku huohuo.

Hatua ya nane: usiku wa mwisho

Simama sura moja kabla ya ile ambayo mpelelezi anawakusanya wote sebuleni. Lisomwe daftari lote tangu usiku wa kwanza, safu kwa safu, na jambo ambalo bado halina maelezo upande wa mtu lipigiwe mstari. Gawa vipande vya karatasi na kalamu. Kila mmoja aandike jina la mtuhumiwa wake pamoja na sababu moja, kisha akunje na kutia ndani ya kopo la maziwa. Sababu ni lazima, maana bila hiyo wapo wanaomtaja yule tu wasiyempenda. Asiyejua kuandika amnong'oneze mtoto wa jirani, siyo wa kwake.

Pumzikeni kwa kikombe cha kahawa. Karatasi zifunguliwe na msomaji mbele ya wote, zisomwe bila kutaja nani kaandika, na kijana wa ubao aweke alama ya chaki mbele ya kila jina. Mwaka jana tulipata karatasi kumi na mbili. Kumi zilimtaja daktari na moja ilimtaja mjane. Ya mwisho iliandikwa kwa herufi kubwa za kitoto zilizopanda na kushuka: "Ni jini lakini alitumwa." Nikaisoma mara mbili, kijana wa chaki akauliza alama yake aiweke wapi, nami nikafungua sura ya mwisho.